Hoja ya Saba

Kila mwaka, Julai ikifika, Kidato cha Tano huanza upya nchi nzima. Majina yameshatoka TAMISEMI, fomu za kujiunga zimeshasomwa mara tatu na wazazi, mashati meupe yameshanunuliwa Kariakoo, na wale waliopangiwa HGK, HGL au HKL wanajua kwamba kwa miaka miwili watakula na kulala na Historia. Somo lina karatasi mbili. Ya kwanza ni ya Afrika: jamii zetu kabla ya ukoloni, biashara ya utumwa, uchumi wa kikoloni, harakati za uhuru. Ya pili ni ya dunia: demokrasia kuota mizizi Ulaya, ubepari na Mapinduzi ya Viwanda, kuungana kwa Italia na Ujerumani, ujamaa wa Urusi, kuibuka kwa Marekani, vita vikuu viwili, ukoloni mamboleo. Karatasi ya pili ndiyo inayotisha. Wanafunzi huiongelea kama watu wa pwani wanavyoiongelea bahari kuu: wanajua ipo, wanajua imemeza wengi.

Kabla ya kitabu, na mara nyingi kabla hata ya mwalimu, mwanafunzi hukutana na desa. Amelipata kwa kaka aliyemaliza, au amelinunua steshenari likiwa limebanwa kwa pini mbili, na ukurasa wa kwanza hausomeki vizuri kwa sababu ni kopi ya kopi ya kopi. Humo ndimo anapoianzia historia ya dunia. Wahakiki wetu hawajawahi kuliona desa kuwa andiko linalostahili kuhakikiwa, nami naona hilo ni pengo. Hakuna riwaya ya Kitanzania inayosomwa na watu wengi kwa makini kiasi hicho, wakiwa na hofu kiasi hicho, saa nane za usiku. Nimelisoma nikiwa mwanafunzi. Nimelifundishia kwa mwaka mmoja nikiwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya kutwa upande wa Kariakoo. Sasa niko Mlimani kwa shahada ya umahiri katika fasihi, na nalirudia kama ninavyorudia utanzu mwingine wowote: nikiuliza limejengwaje, linamwona nani, na linamficha nani.

Tuanze na umbo. Desa halina mwandishi. Lina "limeandaliwa na", kisha jina la kwanza na namba ya simu ambayo kwa kawaida haipatikani. Kila swali hujibiwa kwa muundo uleule: utangulizi wa mistari miwili unaofafanua istilahi, hoja sita, hitimisho linaloanza kwa maneno yenye maana ya "kwa ujumla". Hoja ni sita kwa sababu ni rahisi kuzigawia alama. Kila hoja ina kichwa kilichokolezwa wino, na chini yake sentensi tatu au nne. Sentensi hizo hazina mtu. Mambo hutendeka tu: ardhi ilichukuliwa, viwanda vilianzishwa, mikataba ilitiwa saini. Mfaransa aliyekosa mkate Paris mwaka 1789 hatumwoni akiukosa. Tunaona "hali mbaya ya uchumi". Lugha yenyewe ni Kiingereza ambacho sijawahi kumsikia mtu akikizungumza, si London wala Masaki. Ni Kiingereza cha kuandikiwa tu, kama hati ya mahakama.

Ningekomea hapo ningekuwa nimelionea. Desa lina ufundi wake. Takriri zake ni za mtu anayejua kwamba msomaji wake atalazimika kuyabeba haya yote kichwani hadi siku ya mtihani. Kwa hilo linafanana zaidi na ngano za bibi kuliko na vitabu vya historia. Ni la bei nafuu. Linaweza kugawanywa kwa watu wanane wanaokaa benchi mbili. Limezaliwa na uhaba: darasa la wanafunzi themanini, vitabu vinne vya rejea, na maktaba inayofunguliwa mwenye ufunguo akiwepo. Anayelidharau desa bila kuutaja ufunguo huo analidharau akiwa ameshiba.

Lakini kuna kitu desa linakifanya ambacho uhaba peke yake hauelezi. Linaiweka dunia mbali. Hebu tuchukue Vita vya Kwanza vya Dunia, swali ambalo kila mwalimu hulifundisha kwa sababu halikauki kwenye mitihani. Sababu za vita ni sita na zote ziko Ulaya: mafungamano ya kijeshi, mashindano ya silaha, utaifa, magazeti, ugomvi wa makoloni, risasi ya Sarajevo. Afrika huingia kwenye sehemu ya pili, ile ya matokeo, kwa kawaida kama hoja ya nne au ya tano, ikiwa imeshapigwa tayari. Haijawahi kuwa mahali ambapo vita vinatokea. Ni mahali ambapo vita vinafikia.

Mwaka ule nilikuwa naishi Kigamboni. Kila asubuhi nilivuka kwa pantoni nikishuka Feri, pamoja na wanafunzi wangu kadhaa, mafundi, mama lishe na ndoo zao, na baiskeli zilizopakiwa matenga matupu yakienda kufuata samaki mnadani. Mlango wa bahari pale ni mwembamba. Meli ya makontena ikiingia bandarini, pantoni husubiri, na abiria wote hunyanyua shingo kulitazama lile ghorofa la chuma likipita karibu kiasi cha kuweza kusoma jina lake na bandari iliyoandikwa nyuma yake. Upande wa mjini kuna soko la samaki lililojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hatua chache kutoka hapo ni ukuta wa Ikulu ya Magogoni. Kati ya soko na ukuta huo unasikia bei ya changu ikipanda kwa sauti ya dalali, unasikia visu vya vijana wanaopara magamba, unanusa mafuta ya kukaangia pweza.

Sasa, katika mlango huohuo, Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika vikiwa na siku chache tu tangu vianze Ulaya. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani hapa Dar es Salaam. Wajerumani kwa upande wao walilizamisha gati lao la kuelea, lile la kutengenezea meli, kwenye mlango wa bandari ili kuwazuia adui wasiingie. Yaani mahali ambapo pantoni hukatisha kila siku na mia mbili zetu za nauli, palizibwa kwa chuma kwa sababu ya ugomvi ambao desa linasema ulikuwa wa Ulaya. Mji ulipigwa tena mizinga mwishoni mwa mwaka uleule, na Waingereza waliuingia Septemba 1916.

Siku ambazo foleni ya mwendokasi ilikuwa ndefu pale Kivukoni nilitembea kwa miguu hadi shuleni, na njia yenyewe ilikuwa kitabu. Unapita kanisa la Kilutheri na kanisa la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya enzi ya Mjerumani. Unafika kwenye sanamu ya Askari, Barabara ya Samora, iliyozinduliwa na Waingereza mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vile, na bunduki yake imeelekea bandarini. Mahali pale kabla yake palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeuzima kwa bunduki upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Ilisimikwa mwaka 1909. Waingereza waliiondoa, ikachukuliwa Ulaya, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko ilikaa hadi wanafunzi wa chuo hicho walipoiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Sanamu moja, miji miwili, vita kimoja na vuguvugu la wanafunzi: karatasi ya pili nzima unaweza kuifundisha ukiwa umesimama kwenye kituo cha daladala Posta.

Ukiendelea unavuka Mnazi Mmoja, uwazi ambao mipango ya wakoloni iliuacha kati ya Uhindini na Uswahilini ili watu wasikaribiane, kisha unaingia Kariakoo. Jina hilo nalo ni la vita. Ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, walioweka kambi hapo. Nairobi wanalo la kwao, Kariokor, kwa asili hiyohiyo. Wapagazi hao walibeba risasi, unga na majeruhi kutoka pwani hadi bara katika nchi ambayo farasi na magari hayakudumu. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa. Makadirio ya wanahistoria kwa upande wa Waingereza peke yake yanazidi wafu 90,000. Leo tunakwenda Kariakoo kununua mashati ya shule.

Ndiyo maana, nikiulizwa ni kitabu gani cha kwanza Kidato cha Tano wangekisoma kabla ya kugusa sababu sita za vita, nitataja riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwao na mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz. Baadaye anaambiwa kwamba yule si ami yake hata kidogo, na kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake. Anafanya kazi dukani, anafuata msafara hadi bara, anarudi, anapenda mahali asipopaswa kupenda. Kwa kurasa nyingi Wajerumani ni uvumi tu, watu wanaosemwa kula chuma. Kisha wanafika na askari wao wakikamata vijana wa kwenda kubeba na kupigana, na riwaya inaishia Yusuf akikimbia kuufuata msafara wa jeshi.

Ninachokithamini katika mwisho huo ni kwamba hauna sababu sita. Au tuseme unazo, lakini zimo ndani ya mwili wa mtu mmoja: deni, aibu, mapenzi yaliyokwama, kuchoka kumilikiwa, na ukosefu wa pa kwenda. Desa litakuambia Waafrika "waliandikishwa". Gurnah anakuonyesha kijana ambaye hakuandikishwa kwa maana ya kawaida ya neno, wala hakujitolea, na hapo msomaji anabaki na swali ambalo hakuna mtihani utakaomuuliza: mtu asiye na uhuru akichagua, amechagua nini? Wapo wanaosema mwisho ule umekatwa ghafla. Mimi naona umekatwa mahali panapostahili, kwa sababu tunayoyajua yaliyofuata yapo Kariakoo, kwenye jina la kituo cha basi.

Tafsiri nayo inafanya kazi yake. Katika Kiingereza jina la kitabu ni wazo: pepo kama ndoto, kama bustani ya kufikirika. Katika Kiswahili hatusemi hivyo. Tunasema peponi, na kile kiambishi cha mwisho kinaifanya pepo kuwa mahali, kama sokoni, kama bandarini. Unajiuliza papo hapo: ni wapi hapo, na nani anaruhusiwa kuingia? Pia maneno kama seyyid, ambayo katika matoleo ya Kiingereza yanakaa kama wageni sebuleni, hapa yamerudi nyumbani yakavua viatu. Nimewasomea wanafunzi kurasa kadhaa kwa sauti, na darasa ambalo kwa kawaida hunyamaza kwa woga wa Kiingereza lilinyamaza kwa sababu lilikuwa linasikiliza. Ukimya huo ni wa aina nyingine kabisa.

Mfano mwingine ni Marekani. Karatasi ya pili ina mada nzima juu ya nchi hiyo kuibuka kuwa dola kubwa la kibepari, na desa linaorodhesha ardhi yenye rutuba, wahamiaji, dhahabu, kutoingia vitani mapema. Yote ni kweli. Lakini sisi tuna neno merikani. Katika wiki ya kwanza ya muhula niliwaagiza wanafunzi waulize nyumbani neno hilo lina maana gani, wakarudi wakisema, kwa bibi mmoja baada ya mwingine, ni kitambaa: kizito, cha pamba, kisichopaushwa. Kilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts, kikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem, hasa baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Kikaenda bara kwa misafara hadi kikawa kama fedha, kikabadilishwa kwa meno ya tembo, na meno hayo yakapanda meli kwenda Connecticut kutengenezewa vitufe vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza kule mwaka 1861, merikani ikaadimika huku, na nguo za Kiingereza na za Kihindi zikachukua nafasi yake. Tazama jinsi mambo yanavyoshikana: mtumwa wa kule analima pamba, mpagazi wa huku anabeba kitambaa chake, na nyumba moja Boston inapiga muziki kwa pembe aliyorudi nayo. Hiyo si hoja ya pembeni kuhusu Marekani. Ni Marekani yenyewe, ikitazamwa kutoka mahali tulipo.

Hapa mtu atanikumbusha Walter Rodney, na ana haki. Kazi ya kuishikanisha dunia na Afrika ilishafanyika, tena hapahapa. Rodney alifundisha Mlimani miaka ya 1966 na 1967, akarudi mwaka 1969 akakaa hadi 1974, na kitabu chake maarufu juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja, hapa kikichapishwa na Tanzania Publishing House. Abdulrahman Babu aliandika neno la mwisho. Ukisoma mada za Historia ya kidato cha tano na sita unaisikia sauti yake: uchumi wa kikoloni, migogoro ya ubepari, ukoloni mamboleo. Sidhani kuna nchi nyingi ambazo mtoto wa miaka kumi na minane anatakiwa na serikali yake kueleza ubepari kama tatizo.

Lakini sauti imebaki bila koo. Rodney aliandika kwa hasira ya mtu anayejua anamwandikia nani, na alikuwa radhi kufukuzwa kwa ajili ya anayoyasema. Jamaika ilimpiga marufuku mwaka 1968, na mwaka 1980 aliuawa kwa bomu Georgetown akiwa na miaka 38. Desa limechukua hitimisho lake na kuacha njia aliyofikia hitimisho hilo. Zaidi ya hapo, nadhani kitabu chenyewe kina udhaifu uliolirahisishia desa kazi yake. Rodney anaitazama mifumo kwa jicho kali mno hata watu wanakuwa wadogo. Mpagazi anaonekana kama nguvu kazi iliyoporwa, na ni kweli aliporwa, lakini hatujui aliimba nini njiani. Ndiyo maana namsoma Rodney pamoja na Gurnah, mmoja akiniambia deni ni la nani, mwingine akiniambia mwenye deni alilala wapi.

Na kati yao ningeweka *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa na Tanzania Publishing House ileile mwaka 1979. Rashidi, mtoto wa kuli, anaingia kwenye kazi ya baba yake bandarini Unguja, na riwaya inamkuza hadi mgomo wa 1948. Wahakiki wamewahi kuilaumu kwa kuwa na mhusika anayekua sawasawa na mafundisho ya chama, na lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo ina jambo ambalo desa halina: mgomo unapangwa na watu wanaoogopana, wanaodaiwa kodi, wanaonong'ona. Makuli wa Dar es Salaam nao walikuwa wameshagoma mwaka 1939 na 1943, na mgomo wao wa 1947 ulitoka bandarini ukasambaa kufuata reli hadi ukawa mgomo wa nchi. Mambo hayo yalitokea umbali ambao kutoka Feri unaweza kuuona kwa macho. Mwanafunzi anayetakiwa kueleza tabaka la wafanyakazi huko Manchester anaweza kulielezwa pia hapa, kwa majina ya mitaa anayopita.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika wanafunzi waliokuwa wakivuka nami kulikuwa na binti mmoja ambaye mama yake anakaanga samaki pale sokoni. Alikuwa msikivu, si mwepesi wa kunyoosha mkono. Ulipofika mtihani wa pamoja wa shule kadhaa, lilikuja swali la matokeo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliandika hoja tano za desa, sawasawa. Ya sita aliandika juu ya Kariakoo: kambi, wapagazi, maradhi, jina lililobaki. Karatasi zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine, na ya kwake ilirudi na mstari mwekundu juu ya hoja ya sita, na pembeni sifuri. Alinifuata baada ya kipindi, akaweka karatasi mezani.

"Mwalimu, samahani. Hii siyo kweli, au siyo jibu?"

Nilimwambia ni kweli, na kwamba haimo kwenye mwongozo wa kusahihishia. Akafikiri kidogo. Kisha akasema, bila manung'uniko, "Basi nitakuwa naandika zile sita kwanza. Muda ukibaki, naweka ya saba."

Sijawahi kusoma uhakiki wa mtaala uliofupishwa vizuri kuliko huo. Kwa kauli moja alitenganisha vitu viwili ambavyo shule inapaswa kuvifanya kimoja. Na alikuwa na haki ya kuwa makini na zile sita. Daraja lake ndilo litakalosema kama atakwenda chuo, kama atapata mkopo, kama mama yake ataacha kusimama kwenye moshi. Msomaji anayetaka nimshauri binti huyo avunje desa lake kwa ajili ya ukweli wa kihistoria amsaidie kwanza kulipa ada. Aliyeisahihisha karatasi yake simlaumu sana pia. Ana rundo la karatasi mia mbili, mwongozo mkononi, na siku tatu.

Ninacholaumu ni dhana iliyo chini ya mwongozo, kwamba dunia ni karatasi nyingine na sisi ni karatasi nyingine. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na nimefurahi kwa ajili ya lugha. Nina wasiwasi juu ya mpaka. Ikiwa historia ya kwetu itakuwa ya Kiswahili na ya maadili, na historia ya dunia ikabaki ya Kiingereza na ya hoja sita, tutakuwa tumeuzungushia ua ule utengano uleule. Kariakoo itakwenda kwenye somo la uzalendo, Sarajevo itabaki kwenye karatasi ya pili, na mwanafunzi hataambiwa kwamba ni sentensi moja.

Wapo watakaosema ninataka kuifanya kila mada ya dunia kuwa ya Dar es Salaam, na kwamba mtoto wa Kidato cha Tano ana haki ya kujua Bismarck bila kupitia Feri. Nakubali sehemu ya pili. Kuna furaha ya kweli katika kujifunza jambo lisilokuhusu. Mimi mwenyewe niliyapenda Mapinduzi ya Kifaransa kwa sababu yalikuwa mbali na kwetu na yalikuwa na majina mazuri. Lakini mtu hujifunza umbali akiwa anajua amesimama wapi. Nahodha wa jahazi aliyekuwa akisubiri kusi ageuze tanga kuelekea Arabuni aliijua dunia vizuri, na alianza kuihesabu kutoka kwenye nanga yake. Bismarck huyohuyo, ukimfuata vya kutosha, atakufikisha kwenye mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na kutoka hapo kwenye kanisa lile la Kivukoni. Hatuhitaji kumlazimisha apite kwetu. Alipita.

Nimejaribu jambo dogo. Kabla ya muhula huu kuanza niliandika kurasa mbili, upande mmoja Kiswahili, upande mwingine Kiingereza cha kawaida, juu ya gati lililozamishwa, sanamu iliyosafiri, merikani na Kariakoo. Nilizipeleka steshenari moja Kigamboni, karibu na kivuko, ambako madesa ya Historia huuzwa, nikamwomba kijana wa pale aziambatishe nyuma ya desa la karatasi ya pili bila kuongeza bei ya kutisha. Alizisoma akiwa amesimama, akacheka kidogo alipofika kwenye vitufe vya piano, akakubali.

Nilipopita tena wiki mbili baadaye nilikuta zimeuzwa nyingi. Niliomba nakala moja. Jina langu lilikuwa limeondolewa, na mtu fulani, mwalimu au mwanafunzi, alikuwa amezichapa upya kwa mpangilio mwingine. Upande wa Kiswahili haukuwepo tena. Kulikuwa na utangulizi wa mistari miwili na hitimisho linaloanza kwa "kwa ujumla". Katikati, kwa wino uliokolezwa, aya zangu zilikuwa zimepewa namba, moja hadi sita.